Vijana wa wavuti Kisumu: kinachowashinda ni kitufe cha "Lipa", React mnaionea bure

fundi_wa_ziwa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kila wiki kijana ananiandikia inboksi: "Mkubwa, nijifunze React au Vue?" (yaani zile nyenzo, au fremuweki, za kujengea kurasa za wavuti kwa JavaScript). Wengine wanatoka Maseno, wengine Masinde Muliro, wengine wamejisomea YouTube huko Nyalenda kwa bando la usiku. Jibu langu hawalipendi. Kama unataka kula kutokana na wateja wa hapa mjini, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: mnunuzi akibonyeza "Lipa" kwenye tovuti uliyoijenga, ni nini hasa kinapita kati ya simu yake na seva yako hadi mwenye duka aseme pesa imeingia? Kama huwezi kunichorea hiyo safari kwenye karatasi, usinionyeshe vyeti.

Angalieni wateja tulio nao. Fundi samani wa Kibuye anataka picha za vitanda na bei. Shule ya binafsi pale Mamboleo inataka wazazi walipe karo bila kupanga foleni kwa bursa (mhasibu wa shule). Muuza vipuri Kondele. Mwenye vyumba vya wageni kule Dunga. Chama cha bodaboda kinachotaka michango ionekane kwa kila mwanachama. Hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza nimetumia fremuweki gani. Wanauliza: pesa ikiingia nitajuaje? Bei nitabadilisha mwenyewe? Ikizima usiku nimpigie nani?

Sasa tuje kwenye STK push, kile kidirisha kinachomtokea mnunuzi kwenye simu kikimwomba PIN. Seva yako inaanza kwa kuomba tokeni (kibali cha muda) ya Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Tokeni hiyo inaisha muda baada ya kama saa moja. Halafu inatuma ombi lenye namba ya biashara, kiasi (shilingi nzima, senti hazipo), namba ya simu inayoanza na 254 wala si 07, muda, nenosiri, na anwani ya kupokelea majibu. Nenosiri lenyewe ni namba ya biashara, passkey (ufunguo wa siri unaopewa) na ule muda, vikiunganishwa na kugeuzwa kuwa maandishi ya mtindo wa Base64. Muda si mrefu unarudishiwa ResponseCode 0.

Hapo ndipo vijana wanaandika kwenye skrini "Malipo yamefaulu, asante!" na kutoa bidhaa. Jamani. Sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi limepokelewa na mnunuzi anaenda kuulizwa. Hajaweka PIN bado. Pengine simu iko kwenye chaji chumba cha pili, au ameona kiasi akabadili nia.

Jibu la kweli linakuja kwa mlango mwingine. Ile anwani yako inabishwa hodi na ujumbe wenye ResultCode. Hapo 0 ni kwamba amelipa, 1 salio halikutosha, 1032 ameghairi, 1037 simu haikufikika au hakujibu kwa wakati. Na kati ya ile sifuri ya kwanza na ujumbe huu wa pili ndipo kazi yetu yote ilipo. Oda inakaa "inasubiri". Unahifadhi CheckoutRequestID, kitambulisho cha ombi ulichorudishiwa, ili ujue ujumbe ukija ni wa oda ipi. Ujumbe uleule ukifika mara mbili, usimwandikie mtu malipo mawili: weka sharti kwenye hifadhidata kwamba namba ya risiti ya M-Pesa haiwezi kujirudia. Usipofika kabisa, maana seva yako inaweza kuwa imelala wakati huo, una njia ya kuuliza hali ya muamala mwenyewe, itumie. Na usiamini kila anayebisha. Anwani ile iko wazi kwenye intaneti, na mtu mjanja anaweza kukutumia ujumbe wa uongo (JSON) inayosema amelipa KSh 20,000. Linganisha kitambulisho, linganisha kiasi, halafu hakikisha kwa kuuliza tena.

Yote hayo nimeyaeleza bila kutaja React hata mara moja, maana haihusiki. PHP ya kawaida inaweza, Django inaweza, Node inaweza.

Hoja ya pili fupi: uzito wa kurasa. Mnunuzi wa Kondele ana bando la MB 50. Ukurasa wako ukiwa MB 4, ameufungua mara kumi na mbili, bando limekwisha na vitanda hajaviona vyote. Nawasikiliza.

---

Nakuru_kwetu

Kaka nakuheshimu, lakini unawapotosha hawa watoto. Mimi niko Milimani, Nakuru, na kodi ya nyumba inalipwa na React na TypeScript. Mwajiri wangu yuko nje, analipa kwa dola, analipa tarehe anayosema. Huyo fundi samani wako atakupa KSh 15,000 kwa awamu tatu, kisha atakupigia miaka mitatu akisema picha ya sofa imegeuka. Mtu mwenye deni la mkopo wa chuo wa HELB umwambie akae na PHP ya Kibuye?

Na kwenye usaili wa kampuni za nje hakuna mtu ameniuliza Daraja ni nini.

---

fundi_wa_ziwa

@Nakuru_kwetu omera, sijamkataza mtu React. Hata mimi naandika React mchana kwa mkataba wa watu wa nje, jioni ndipo niko na wateja wa hapa. Ila aliyefanyiwa usaili ni wewe mwenye miaka kadhaa kazini. Hawa wanaotoka chuoni wanaomba nafasi ya nje wakiwa na kazi tatu za kuonyesha, na zote tatu ni ile orodha ya mambo ya kufanya tuliyoifuata sote kwenye video. Kijana mwenye mfumo wa karo unaotumika kweli na wazazi wa kweli anakuwa na kitu cha kusimulia. Akiulizwa "umewahi kushughulika na ombi linalokuja mara mbili?", ana jibu lenye jasho ndani yake. Mwajiri wa Berlin hajui Daraja, lakini shida ya ujumbe kujirudia anaijua sana, kwao inabisha hodi kutoka Stripe, mfumo wao wa malipo.

---

Kakamega_usiku

Mmetaja dola bila kutaja usiku, wacha nitaje mimi.

Sisi hatusogezi saa. Wamarekani wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo mkutano wao wa saa nne asubuhi New York kwangu ni saa kumi na moja jioni, sawa, mtoto ameoga na mimi niko mezani. Ikifika Novemba, mkutano uleule unakuwa saa kumi na mbili. Watu wa San Francisco ndio kabisa: saa nne asubuhi yao ni saa mbili usiku kwangu, kisha saa tatu. Waingereza nao wana tarehe zao, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Timu ikiwa na watu wa London na New York, kuna majuma kila mwaka ambapo kalenda yangu inakuwa vurugu tupu na mke wangu anauliza kama nimebadilisha kazi.

Halafu stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa giza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa. Bosi wa nje haelewi ukimwambia "cable imekatwa baharini", anafikiri ni kisingizio cha mtu aliyelala. Ushauri wangu: nunua ile betri ndogo ya kuweka ruta, haili pesa nyingi, halafu uwe na laini mbili za mitandao tofauti kwenye simu. Na mwambie bosi mapema, kabla hayajatokea, jinsi utakavyomjulisha yakitokea. Mimi niliandika aya moja kwenye hati ya timu siku ya kwanza na hadi leo hakuna aliyenisumbua.

---

dada_hifadhidata

Naomba nirudi kwenye karo maana mwanzisha uzi ameigusa akaiacha, na huko ndiko kuna mambo.

STK ni rahisi, kwa sababu wewe ndiye unayeanzisha na namba ya oda unayo. Wazazi wengi hawatumii tovuti yako kabisa. Wanafungua menyu ya M-Pesa, Lipa na M-Pesa, Paybill, kisha namba ya akaunti. Na hapo kwenye namba ya akaunti mzazi anaandika chochote. Umemwambia aandike namba ya usajili ya mtoto, 1042. Ataandika "Brian". Ataandika "Brian grade 6". Ataandika "karo". Mwingine ana watoto watatu hapo shuleni, anatuma jumla yote mara moja na kuandika namba ya kifungua mimba. Babu wa Ahero anamtumia jirani pesa alipe kwa niaba yake, sasa jina la mlipaji halilingani na mtu yeyote kwenye rejista.

Daraja inakupa njia ya kukagua kabla: ukiwashiwa huduma ya uhakiki, malipo ya Paybill yanapita kwako kwanza na unaweza kuyakataa kama akaunti haipo. Wengi wanadhani hilo ndilo suluhisho. Mimi kwa shule silitumii kukataa. Mzazi aliyetembea kutoka shambani hadi kwa wakala, akakataliwa kwa sababu aliacha nafasi katikati ya namba, hatakuelewa wala hutamwelewa. Pokea pesa. Safisha unachoweza (ondoa nafasi, geuza herufi zote kubwa, ondoa mistari), linganisha. Kisicholingana kiende kwenye orodha ya "malipo yasiyo na mwenyewe", na bursa anayapanga kwa mkono akiwa na chai yake. Bursa anawajua hao watu kuliko algorithimu yoyote. Skrini hiyo ya bursa ndiyo nilifanyia kazi kuliko sehemu nyingine zote za mfumo: aone kiasi, saa, alichoandika mzazi, kisha atafute kwa sehemu ya jina na kugawanya malipo moja kwa watoto watatu. Kila mgawanyo ubaki na jina la aliyeufanya. Usifute mstari wa pesa, kamwe. Ukikosea, andika mstari wa kurekebisha.

Na jambo moja la sheria: hayo ni majina ya watoto na namba za simu za wazazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nimeona mfumo wa watu fulani ambao ukibadilisha namba mwishoni mwa anwani ya ukurasa unaona salio la mtoto wa jirani. Hiyo haihitaji mdukuzi, inahitaji mzazi mdadisi tu.

---

fundi_wa_ziwa

@dada_hifadhidata haya ndiyo niliyoyataka. Hapo kwa bursa umenifunza, mimi huwa nawaletea faili la Excel wapambane nalo.

Niongeze saa, kwa vile @Kakamega_usiku ameanza. Seva nyingi tunazokodi ziko Ulaya na zinahesabu kwa UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma yetu. Hifadhi UTC, sawa. Lakini ripoti ya "mauzo ya leo" ukiihesabu kwa siku ya UTC, kila kitu kilichouzwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kinaonekana cha jana. Kwa shule hakuna atakayegundua. Kwa mwenye klabu Kondele, hayo ndiyo masaa ya pesa yenyewe! Atakushika koo akidhani mhudumu wake anaiba.

---

mjuaji_wa_lolwe

Mnapoteza muda, wazee. Akili unde inaandika haya yote kwa dakika mbili. Nimeiambia "niandikie STK push kwa Node" ikanipa. Mhandisi wa nini tena?

---

dada_hifadhidata

Soma ulichopewa. Tafuta mahali oda inapobadilika kuwa "imelipwa". Ni baada ya ResponseCode au baada ya ResultCode?

---

mjuaji_wa_lolwe

...ResponseCode.

Sawa, nimekaa.

---

Nakuru_kwetu

😂😂 Huyo ameketi.

Lakini hata mimi naitumia kila siku, tusidanganyane. Kazi za kurudiarudia, majaribio, kuhamisha msimbo wa zamani, inasaidia. Tofauti ni kwamba lazima ujue unachotafuta kwenye jibu lake.

Kuhusu uzito wa kurasa, hapo @fundi_wa_ziwa nakupinga kidogo. React pamoja na ReactDOM zikibanwa hazifiki KB 100. Picha moja ya sofa iliyopigwa kwa simu na kupakiwa hivyo hivyo ni MB 3. Nani anayemaliza bando hapo?

---

fundi_wa_ziwa

Kwa picha uko sahihi kabisa na ninakubali bila kinyongo. Kazi ya kwanza kwenye tovuti yoyote ya duka ni picha: zipunguze upana, zigeuze WebP (muundo mwepesi wa picha), weka loading="lazy" kwa zilizo chini ili zipakiwe mtu akizifikia, na uandike upana na urefu ili ukurasa usirukeruke mtu akitaka kubonyeza. Hiyo peke yake inatibu nusu ya ugonjwa.

Ila KB 100 za picha na KB 100 za JavaScript si sawa. Picha ikifika inachorwa, imekwisha. JavaScript ikifika inasomwa, inatafsiriwa, inaendeshwa, na yote hayo yanafanywa na prosesa ya simu ya mnunuzi. Simu ya bei ya chini yenye RAM ya GB 2 hapo inaganda, na mtu anaona skrini nyeupe hata mtandao ukiwa mzuri. Halafu React haiji peke yake, unaijua hadithi. Inakuja na maktaba ya tarehe, ya ikoni, ya vitelezi, na kila moja ina jamaa zake. Mnakumbuka Machi 2016? Kifurushi cha left-pad, mistari 11 ya msimbo, mwenyewe alikiondoa npm (ghala la vifurushi vya JavaScript) na miradi ya watu duniani ikakataa kujengwa. Mistari kumi na moja ya kuongeza nafasi kushoto kwa neno!

Kwa duka la vitanda mimi natoa HTML kutoka kwenye seva, naweka JavaScript kidogo kwenye kitufe cha kulipa, basi. Mahali panapohitaji kubadilika bila kupakia ukurasa upya natumia htmx, maktaba ndogo ya kazi hiyo, haifiki KB 20 ikibanwa. Dashibodi ya bursa ya @dada_hifadhidata, yenye kutafuta na kugawanya na kupanga, hiyo ningeweza kuiandika kwa React bila kusita, kwa sababu bursa ana kompyuta na Wi-Fi ya shule.

Na mara nyingine tovuti yenyewe haihitajiki. Watu wengi hapa wana bando la WhatsApp tu. Kiungo cha wa.me chenye ujumbe ulioandikwa tayari, "Naulizia kitanda cha 5 kwa 6", kimemletea fundi wangu oda nyingi kuliko fomu niliyomjengea. Fomu bado ipo, hakuna anayeijaza.

---

mgeni_wa_Maseno

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa tatu. Nimejaribu sandbox (uwanja wa majaribio wa Daraja) kwa ile namba ya biashara ya majaribio, 174379, lakini majibu hayafiki kwenye laptopu yangu, nimeweka localhost. Pia mteja wangu wa kwanza (shangazi, ana duka la nguo Luanda, Vihiga) ana Till, namba ya dukani ya kupokea malipo, wala si Paybill. Kuna tofauti?

---

dada_hifadhidata

Marahaba. Localhost ni laptopu yako, kwa mtu wa nje hiyo anwani ni kompyuta yake mwenyewe. Unahitaji anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje. Kwa majaribio tumia ngrok, itakupa anwani inayoelekea kwenye laptopu yako. Kabla ya yote, andika kila ujumbe unaoingia kwenye faili jinsi ulivyo, kabla hujaugusa. Siku shangazi atakapokuuliza "yule mteja wa saa saba alilipa au hakulipa", hilo faili litakutetea.

Kwa Till, ndiyo, kuna tofauti, na imewala wengi. TransactionType inakuwa CustomerBuyGoodsOnline badala ya CustomerPayBillOnline. Na BusinessShortCode hapo si namba ya Till iliyobandikwa ukutani. Ni namba ya duka waliyopewa wakati wa kusajili. Namba ya Till yenyewe inaenda kwenye PartyB, sehemu ya mpokeaji pesa. Mwulize shangazi atafute ile barua pepe ya usajili. Atakwambia hana. Ana, iko kwenye barua pepe aliyofunguliwa na kijana wa saiba.

---

Bungoma_mtandaoni

Naulizia bei na matunzo. Mteja ananiambia tovuti ameshalipia, ya nini kulipa tena kila mwaka? Na ya awali aliyojengewa na kampuni fulani, kikoa cha .co.ke kimesajiliwa kwa jina la hiyo kampuni, simu hawashiki.

---

fundi_wa_ziwa

Tenganisha ankara. Moja ya kujenga, nyingine ya mwaka: kikoa, seva, nakala rudufu, na masaa kadhaa ya marekebisho. Andika idadi ya hayo masaa, vinginevyo utabadilisha bei za mabati kila Jumatatu bure. Na kama mteja ni kampuni, atakukata 5% ya kodi ya zuio kwenye ada yako, mwombe cheti cha makato hayo kutoka iTax (mfumo wa kodi wa mtandaoni) kwa sababu unakitumia ukijaza ritani kabla ya tarehe 30 Juni.

Kuhusu kikoa, aanze kwa kuwaandikia barua rasmi, si kupiga simu, akiambatisha cheti cha usajili wa biashara na risiti alizolipa. Wakikaa kimya, apeleke malalamiko KeNIC, wao ndio wasimamizi wa .ke. Huku akisubiri, msajilie kingine kwa jina lake na barua pepe yake, weka tovuti mpya huko, na abadilishe anwani kwenye vipeperushi na ukurasa wa Facebook. Nenosiri la msajili wa kikoa lishikwe na yeye mwenyewe, wewe upewe ruhusa tu.

---

Bungoma_mtandaoni

Shukrani mkubwa. Barua naiandika leo, risiti tayari anazo kwenye droo.